Mfuko wa Baba Mkwe

Kabla hamjagusa mashine, nuseni. Ndilo neno la kwanza nililoambiwa siku nilipoingia chumba cha kufulia cha makao ya wazee, na ndilo la kwanza ninalowaandikia nyinyi mnaoingia baada yangu. Sista Benigna, msimamizi wetu, aliniomba niandike mwongozo wa kazi. Nilimwambia mwongozo auandike yeye mwenye kompyuta. Mimi nitaandika ninayoyakumbuka, na mkiona naruka huku na huku, mjue ndivyo nguo zinavyotoka kwenye kikapu: soksi kwanza, kisha shuka, kisha kitu ambacho hata hukijui ni nini.

Naitwa Mama Milembe. Nimefua nguo za wazee kwa miaka ishirini na miwili katika makao haya ya kando ya barabara ya kwenda Kharumwa. Nimefulia walimu wastaafu waliotaka kola isimame wima hata siku wanayoshinda kitandani. Nimefulia wafugaji, nimefulia akina mama waliozika watoto wao wote, nimefulia wachimbaji waliozeekea kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wakatoka na kikohozi tu. Wengi niliwajua kwa nguo kabla sijawajua kwa majina.

Aliyenifundisha ni Mama Kulwa, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Wakati huo hatukuwa na mashine. Tulikuwa na masinki matatu ya saruji, pipa la kuchemshia na pasi mbili za mkaa. Siku ya kwanza alinipa shuka chafu akaniambia ninuse, kisha nimwambie.

"Mkojo," nikasema.

"Wa namna gani?"

Nikadhani ananitania. Mkojo ni mkojo. Akaninyang'anya lile shuka, akalinusa polepole kama mtu anayepima maziwa yameganda au bado, akasema huyu bibi hanywi maji. Akajifuta mikono, akaenda kumwambia sista. Kuanzia siku hiyo yule bibi akawa anapelekewa uji mwepesi mara kwa mara, na baada ya siku chache alikuwa anagombana na wenzake kama kawaida yake. Mimi nilibaki nimeduwaa. Nilikuwa nimekuja kufua, sikujua kwamba nimekuja kusoma.

Msidhani nilielewa haraka. Mwezi wa kwanza niliharibu vitu ambavyo mpaka leo wananikumbusha. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeletewa na wanawe kitenge kipya, bluu iliyokoza. Mimi kwa bidii yangu nikakiloweka pamoja na mavazi meupe ya masista, maji ya moto, sabuni tele. Jumapili masista waliingia kanisani wakiwa na rangi ya anga la asubuhi. Mkubwa wao alinijia baada ya misa, akanitazama, akasema, "Mama Milembe, tumehamishiwa shirika jipya bila kuambiwa?" Waumini wa Ushirombo waliokuwa wametutembelea siku hiyo walidhani ni sikukuu fulani wasiyoijua. Kwa hiyo nguo mpya ya rangi hufuliwa peke yake mara tatu za kwanza, hata kama mwenye nayo anaapa kwamba haichuji.

Mengine nitayasema kwa kifupi maana mtayajua kwa mikono yenu. Damu ni maji baridi na chumvi; ukiitia maji ya moto umeipika, haitoki tena. Udongo mwekundu msiutie maji kwanza. Uacheni ukauke, pigeni nguo ukutani mpaka vumbi liishe, ndipo mloweke. Maji ya kisima chetu ni magumu, sabuni inagoma kutoa povu, kwa hiyo maji ya mvua kwenye tangi yatunzeni kwa ajili ya sabuni, ya kisima yawe ya kusuuzia. Mwezi wa saba upepo ukianza na malori yakipita barabarani, anikeni upande wa nyuma wa kanisa dogo. Mkianika upande wa barabara, mtakuwa mmefua ili mpake vumbi.

Na pigeni pasi kila kitu. Kila kitu, nasema, mpaka chupi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na mayai yale yakigusa ngozi ya mzee funza anaingia ndani yake. Nilimwona mwalimu mmoja mstaafu akiwa na uvimbe saba mgongoni kwa sababu niliona uvivu kupiga pasi fulana zake. Alinisamehe, lakini kila nilipopita alikuwa akihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu," mpaka saba, mbele za watu. Alifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Mashine ilipokuja tulidhani tumemaliza shida. Kumbe mashine haina pua. Wiki ya kwanza ilianza kupiga kelele kama kuna mtu ndani anayegonga atolewe. Tukazima, tukafungua, tukatoa suruali ya mzee mmoja, na mfukoni mna meno yake ya bandia, seti nzima, meupe kuliko yalivyowahi kuwa. Mwenyewe alifurahi. Akauliza kama yanaweza kurudishwa mashineni kila Ijumaa.

Haya, sasa niwaambie lile ambalo Sista hakutaka niliandike. Alisema nitajiumiza. Nimejiumiza tayari, na nyinyi mkisoma mwongozo bila hili hamtakuwa mmesoma kitu.

Mzee Masanja aliletwa na gari dogo la mizigo kutoka Samuye, asubuhi, yeye na fimbo yake na sanduku la bati. Nilitoka na kikapu na nyuzi zangu, kwa sababu desturi yetu ni kila mzee akifika achague alama ya uzi itakayoshonwa kwenye nguo zake. Wengi hawasomi, na hata wanaosoma macho yamechoka. Nikafika karibu na gari, nikamtambua, nikageuka palepale.

Alikuwa mdogo wake baba wa marehemu mume wangu. Baba mkwe wangu mdogo. Siku nilipoolewa alikuwa amekaa pale na wazee wa ukoo, na kwa miaka yote niliyoishi kwao sikuwahi kumtazama usoni wala kupishana naye kwenye njia nyembamba. Mume wangu alifariki mwanetu Milembe akiwa darasa la tatu, nikaja huku magharibi kwa kaka yangu, kisha nikapata kazi. Lakini ukwe ni ukwe. Kwetu mkwe wa kike hagusi kitanda cha baba mkwe, hatandiki shuka lake, na mambo ya mwili wake hayataji kwa mdomo. Si kwamba tunachukiana. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo.

Nikapiga magoti nyuma ya gurudumu la gari. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe," akajibu, akiwa anatazama geti.

Mimi natazama tairi, yeye anatazama geti. Sista Benigna akaja akainama pembeni yangu. "Umeangusha nini, Mama Milembe? Nikusaidie kutafuta?"

Mnaweza kucheka. Sisi wenyewe hatukucheka. Chumba cha kufulia wakati huo nilikuwa peke yangu. Mama Kulwa alikuwa amestaafu, akafuga kuku ng'ambo ya barabara. Hakukuwa na mwingine wa kumfulia yule mzee. Ikabidi tutafute njia, na njia aliitoa yeye mwenyewe kupitia kwa Sista. Angeweka nguo na mashuka yake kwenye mfuko aliokuwa ameushona kwa kiroba cha unga, angeufunga kamba, angeuleta mlangoni Jumanne na Ijumaa, angegonga mlango mara mbili kwa fimbo na kuondoka. Mimi ningesubiri mpaka nyayo zake ziishe. Kisha ningeuchukua, ningegeuza uso, na kumwaga vyote ndani ya mashine bila kutazama. Vikishapita kwenye maji na sabuni vinakuwa nguo tu, naweza kuvianika na kuvipiga pasi kama vya mtu yeyote.

Nilijivunia sana mpango ule. Nilimsimulia hata kaka yangu kwenye simu. Nilijiona mwanamke niliyelelewa vizuri, ninayefanya kazi ya kisasa bila kuvunjia wazee wangu heshima. Sikuona kwamba katika wazee wote wa makao haya, mmoja tu ndiye ambaye nguo zake hazikuwa zinanuswa na mtu.

Miezi ikapita. Mzee Masanja alikuwa mtulivu, anapenda kuota jua upande wa zizi la mbuzi, anaongea nao. Muuguzi wetu alikuwa akipita kila Jumatano kupima wazee presha, na kila Jumatano yeye alikuwa ametoka. Akiulizwa anasema mzima. Mimi nilimwona kwa mbali tu, kwa pembe ya jicho, kama inavyopasa.

Kisha mfuko ukaanza kuja mara tatu kwa wiki. Kisha mara nne. Mwishowe ukawa unakuja kila siku, na ulikuwa mzito kwa unyevu. Nilijua maana yake. Mfuaji gani asingejua? Lakini nilijiambia ni uzee, wanaume wengi wa umri ule huwa hivyo, na yeye anaona aibu, na mimi ni mtu wa mwisho duniani wa kumwongezea. Nikaongeza sabuni. Nilimwona pia akijaza kidumu chake cha maji kabla ya saa nne, na akikijaza tena kabla ya chakula cha mchana. Nikasema kiangazi hiki kikali. Nilimwona akichechemea. Nikageuza uso.

Ndipo wakaja sisimizi.

Walianza kidogo, mstari mwembamba kutoka kwenye ufa wa sakafu mpaka kwenye mfuko. Siku ya pili mstari ulikuwa mnene kama kamba. Mifuko na vikapu vya wazee wengine vilikuwa palepale, hawakuvigusa. Nikakasirika. Nilidhani mzee anaficha vitu vitamu kitandani. Tulishakuwa na bibi aliyelalia viazi vitamu vya kuchemsha, na mwingine aliyeficha asali kwenye soksi. Nikamtuma Sista amwambie kwa upole kwamba vitu vya sukari vikae kwenye kopo lenye kifuniko.

Sista akarudi anacheka. "Ameapa. Anasema hata chai anakunywa bila sukari tangu Pasaka."

"Wote huapa, Sista," nikamwambia.

Nikachota majivu jikoni, nikauzungushia mfuko duara la majivu. Wakazunguka, wakapata njia. Nikamwaga mafuta ya taa kwenye ufa. Wakatokea ufa mwingine. Kwa wiki tano nilipigana na sisimizi, wanangu. Wiki tano. Nilinunua mpaka dawa ya kupuliza. Kila asubuhi nikifungua mlango nilikuwa na hamu ya kuona nani ameshinda.

Asubuhi moja Mama Kulwa alikuja kuniletea mayai, kama alivyozoea. Akasimama mlangoni, akatazama majivu, akatazama mstari.

"Hawa wamefuata nini?"

"Sukari. Mzee Masanja anaficha sukari kwenye mashuka."

"Umeiona?"

"Siwezi kufungua. Ni baba mkwe wangu, si nilikwambia?"

Aliweka mayai chini, akauchukua mfuko, akafungua kamba kwa meno kwa sababu ilikuwa imekazwa sana. Mimi nikageukia ukuta. Nikasikia anakung'uta shuka. Nikasikia ananusa.

"Mama Milembe," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kuswagia ng'ombe. "Hii sukari haikutoka jikoni. Imetoka ndani ya mtu. Na humu kuna soksi yenye usaha."

Niligeuka basi. Niliiona ile soksi. Ilikuwa imekauka na kuwa ngumu, na harufu yake ilikuwa ya kidonda cha siku nyingi. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejua mzee gani ameanza kuharisha, nani ana homa ya usiku, nani anatema damu na kuificha kwenye leso. Niliyajua kabla ya muuguzi. Na huyu wa ukoo wangu, ambaye ningepaswa kumjua kuliko wote, nilikuwa nimemmwagia majivu.

Wakaenda Sista na muuguzi chumbani kwake. Alikuwa amechomwa na mwiba chini ya kidole gumba cha mguu, akiwa kule kwa mbuzi, wala hakuusikia. Kidole kilikuwa cheusi na weusi umeanza kupanda. Muuguzi akampima sukari, kipimo kikasoma juu kabisa. Akasema aende hospitali leo hii, kesho itakuwa shida, keshokutwa tutamzika.

Mzee akakataa. Swali lake lilikuwa moja tu: nani amefungua mfuko? Walipomwambia, akauliza nani alimpa ruhusa. Akasema amevuliwa nguo na wanawake, hana tena sura ya kukaa hapa, wamtafutie gari la kurudi Samuye. Sista alimbembeleza. Padre aliletwa. Wanawe walipigiwa simu, wakaongea naye mmoja mmoja, akawasikiliza wote na kurudisha simu. Dereva wa makao alikuwa ameshawasha gari na kulizima mara tatu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la chumba cha kufulia, mikono mapajani. Niliogopa kweli. Niliona atakufa kwa ajili ya mfuko, na mfuko ule ulikuwa wangu na wake, hakuna mwingine aliyeweza kuingia kati.

Mama Kulwa akaniuliza, "Kwenu mkwe akimkosea mkwe mwenzake, mnafanyaje?"

"Anapeleka kuku, wanasawazisha."

"Basi nina kuku. Chukua yule mweupe. Ana kelele lakini anataga."

Nilivuka barabara, nikamkamata yule kuku, nikarudi naye kwapani mpaka mlangoni kwa Mzee Masanja. Sikupiga magoti. Niliingia, nikasimama mbele yake, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa na macho ya mume wangu. Hilo sikulitarajia, na kidogo nisahau nilichokuja kusema.

Akavuta blanketi kufunika mguu. "Huna haya, mwanamke?"

"Haya nimeiacha nje, baba. Nitaivaa tena ukirudi." Kuku naye alikuwa anapiga kelele, ikabidi niongee kwa nguvu. "Mama Kulwa alifungua mfuko, lakini aliyekukosea ni mimi. Kazi yangu ni kutazama na sikutazama. Nimeona sisimizi wiki tano nikawapiga. Nimekuona unachechemea nikageuza uso, nikasema ni heshima. Leo nakutazama. Una sukari, unakojoa kitandani, na mguu wako unaoza. Nimeyasema mimi mkwe wako, na dari haijatuangukia. Sasa twende hospitali."

Nje tulisikia dereva anafunga mlango wa gari. Alinitazama, kisha akamtazama kuku, kisha akatazama chini.

"Kuku wako amechafua sakafu," akasema.

"Nitafuta, baba."

"Na nani atamla, mimi nikiwa huko hospitali?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba amekubali. Nilimwambia tutamngoja. Walimbeba mpaka kwenye gari, na mimi nilipanda nyuma pamoja naye, tumekaa magoti yakigusana, kitu ambacho mama mkwe wangu angezimia akikiona.

Walimkata mguu chini ya goti. Daktari alikuwa kijana, mstaarabu, hakuwa na nia ya kumuumiza mtu. Aliniuliza tu dalili zilianza lini, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema mngemleta mwezi mmoja kabla, tungesafisha kidonda na kumwanzishia dawa, mguu ungebaki. Kisha akaandika na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Nilirudi kazini, nikawasha mashine ikiwa tupu ili isikike kelele, nikalia.

Kuna watu watakaowaambia kwamba kosa lilikuwa la mila. Sikubali. Mila ile imenilea na imewalea watoto wangu, na bado nikienda Samuye napita pembeni wazee wa ukoo wakija. Kosa lilikuwa langu. Ningeweza kumwomba Mama Kulwa avuke barabara mara moja kwa wiki, anuse mfuko, aniambie. Ningeweza kumwambia Sista kwamba kuna mzee mmoja ambaye simtazami, atafutwe wa kumtazama. Nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulinifanya nijione mtu mwema. Daftari mnaloliona limening'inia karibu na mashine, ambalo kila asubuhi mnaandika mlichokiona na kukinusa kabla ya kufua na kumpelekea muuguzi, nililianzisha wiki ile. Ukikuta kuna mzee huwezi kumfulia, kwa ukwe, kwa ugomvi, kwa dini, kwa sababu yoyote, andika hapo. Hakuna atakayekucheka.

Alirudi baada ya wiki nyingi kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, sukari yake imeshuka kwa sindano na chakula. Kuku aliliwa siku ile ile, na wazee wa upande wake walipata mchuzi. Alikula kidari, mimi nikapewa shingo na mabawa, na mbele ya Sista aliyekuwa haelewi chochote tukawa tumesawazishana. Kwa hesabu za kwetu, jambo lilikuwa limekwisha. Kwangu halikuwa limekwisha. Nilimfulia, nikamsalimia kwa magoti kila asubuhi, nikawa sipati usingizi vizuri.

Siku moja, nikiwa napita na kikapu, akaniita kutoka ndani. "Mayu," akasema, neno letu la kumwita mwanamke kwa heshima, mama au binti. "Njoo."

Nikaingia, nikapiga magoti karibu na mlango, macho chini.

"Nimefikiri," akasema. "Ungeufungua ule mfuko tangu mwanzo, ningekukasirikia sana. Ningesema maneno mabaya juu yako mpaka Samuye wangesikia. Ningewaambia wanikodie gari, nirudi kwetu siku ile ile."

"Najua, baba."

"Lakini ningelipanda hilo gari kwa miguu yangu."

Nililia pale pale sakafuni, na yeye hakuniambia ninyamaze wala hakuniambia si kitu. Aliningoja. Nilipomaliza akanyoosha mkono, akaonyesha kitanda chake. "Mashuka ya leo hayo. Sikuyafunga. Yatazame."

Nikasimama. Nikayatoa kitandani kwa baba mkwe wangu kwa mikono yangu, nikayakunjua kwenye mwanga wa dirisha, nikayanusa mbele yake, moja moja.

Yalikuwa makavu.